Jicho limegongwa na mpira, retina "itarudi yenyewe": ni kweli?

Kaloleni_A
Habarini wakuu. Niko Arusha. Mdogo wangu, miaka 19, aligongwa na mpira jicho la kushoto siku 9 zilizopita. Kliniki walisema retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imevimba, itarudi yenyewe, wakampa panadol tu. Bado anaona ukungu katikati. Mama anasisitiza juisi ya karoti na tone la asali jichoni. Tusubiri hadi lini?

TaaYaKichwa
Mkuu, inategemea kilichoumia. Hicho walichomwambia huitwa uvimbe wa Berlin, kwa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1873. Jina linapotosha kidogo, maana si maji yaliyojaa. Pigo huvuruga ncha za seli zinazopokea mwanga, na retina hugeuka nyeupe-kijivu ndani ya saa chache. Seli ikibaki hai huotesha ncha upya, na kwa wengi weupe huisha ndani ya wiki chache. Seli iliyokufa hairudi. Samaki aina ya zebra huotesha retina mpya, binadamu hawezi. Kwa hiyo pigo likiwa limeua seli nyingi za makula, yaani pale katikati, ukungu unaweza kubaki moja kwa moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pembeni. Kwa kijana, pigo butu huweza kuing'oa retina kwenye ukingo wake wa nje, mara nyingi upande wa chini kuelekea sikio. Ute wa ndani ya jicho lake bado ni mzito, hivyo maji hupenya chini ya retina polepole na kuibandua kwa wiki au miezi, pengine bila kuona vimulimuli (miale ya mwanga) vyovyote. Anakuja kushtuka kivuli kama pazia kimeshafika katikati ya anachokiona. Mpasuko huo haujifungi wenyewe. Hugandishwa kwa leza au kwa baridi kali, na kovu huchukua kama wiki 2 kushika sawasawa.

Tundu dogo la makula kwa kijana ndilo huweza kujifunga lenyewe, ndiyo maana madaktari huweza kulingoja miezi kadhaa kabla ya kufikiria upasuaji.

Karoti anywe tu, ni chakula. Asali isiingie jichoni: haifiki kwenye retina, na konea (kioo cha mbele ya jicho) ikiwa na mchubuko mnakaribisha vijidudu.

Optometria_Moshi
Ulizeni: siku ile aliwekewa dawa ya kutanua mboni? Bila hiyo pembeni hapaonekani vizuri. Na kama palikuwa na damu mbele ya mboni, daktari huahirisha kubonyeza jicho ili kuona ukingo, hivyo kipimo cha kwanza hakitoshi, lazima arudiwe. Kukiwa na damu, asinywe aspirini wala ibuprofeni.

Nyumbani: karatasi ya daftari la hesabu, umbali wa sm 30, afunike jicho lisiloumia, atie nukta katikati ya karatasi na kuitazama. Mistari ikianza kupinda, hata miaka baadaye, aende kliniki. Kama tabaka la chini ya retina lilipasuka, mishipa mibovu huweza kuota kwenye kovu. Presha ya jicho nayo ipimwe kila mwaka, pigo huharibu njia ya kutolea maji.

TaaYaKichwa
Nyongeza kwa watu wa Arusha. Akipasuliwa hospitali ya KCMC kule Moshi na kuwekewa gesi ya kushikilia retina jichoni, asipande gari kurudi nyumbani bila ruhusa ya daktari. Moshi iko kama mita 850, Arusha kama 1,400. Gesi hutanuka kwa asilimia 6 hivi, na presha ya jicho hupanda. Gesi aina ya SF6 hukaa kama wiki 2, aina ya C3F8 hufika miezi 2. Ndege ndiyo kabisa, asithubutu. Mafuta ya silikoni, ambayo huweza kuwekwa badala ya gesi, hayana shida hiyo, ila baadaye kwa kawaida hutolewa.

Kaloleni_A
Nimemuuliza. Hakuwekewa dawa ya mboni, walimmulika tochi tu.

Optometria_Moshi
Basi hajapimwa retina. Aende kesho asubuhi, na asijiendeshe: akitanuliwa mboni ataona ukungu kwa saa 4 hadi 6.