Kadi ya picha inakufa katika kompyuta ya zamani: kuioka, kuibadilisha au kuishi bila ya hiyo?

Mwenye Steshenari (Wete)

Assalamu alaykum. Dukani kwangu nina kompyuta ya mezani ya kiboksi chembamba, ambayo ndiyo inayochapa mitihani ya skuli mbili, barua za maombi na kadi za harusi. Prosesa yake ni Intel Core i5-2400 iliyotoka mwaka 2011, rami (kumbukumbu ya muda) ni GB 4, na kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini, ni GeForce 210 ambayo niliikuta imo ndani nilipoinunua ikiwa mtumba.

Tangu wiki iliyopita, kila ifikapo alasiri na chumba kikapata joto, skrini hujaa mistari ya kijani na vidoadoa, na mara nyengine huwa nyeusi kabisa huku kisomo nilichokifungulia kikiendelea kusikika kama kwamba hakuna lililotokea. Nimeshauriwa mambo matatu: niioke kadi katika tanuri, niagize nyengine kutoka Unguja, au ninunue kompyuta nzima. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie.

Bi Mwalimu (Mkoani)

Wa alaykum salaam. Kabla ya kulinganisha bei, maalim, tuhakikishe kwanza kwamba mgonjwa ni kadi. Sauti kuendelea wakati skrini ni nyeusi kunaonesha kwamba prosesa na diski bado zinafanya kazi, kwa hivyo shaka inabaki kwa kadi, waya na skrini yenyewe. Mistari itakapotokea, piga picha ya skrini kwa kompyuta hiyo hiyo, uihifadhi, kisha uifungue katika simu. Ikiwa mistari imo ndani ya picha, kosa liko katika kadi au draiva yake (programu inayoiendesha); ikiwa picha ni safi, tazama waya, skrini, au sehemu ya kadi inayotoa picha nje.

Jaribio la pili ni kuizima kompyuta ikiwa bado na joto, kuiwasha tena papo hapo na kuingia katika Biosi, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Draiva ya Windows haijaamka bado hapo, kwa hivyo mistari ikionekana mapema hivyo, kuweka Windows upya kutakupotezea siku nzima bure.

Kijana wa Mlandege

Mimi ningenunua kadi tu. GT 710 hutumia wati 19, haihitaji waya wake wa umeme kwa sababu tundu la bodi mama (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) peke yake linaweza kutoa hadi wati 75, na ina nguvu zaidi kuliko hiyo 210. Sharti moja, sheikh wangu: kwa kiboksi chembamba, hakikisha unapewa na kile kibati kifupi cha kufungia nyuma. Watu wengi huletewa kadi yenye kibati kirefu, wakaishia kuiacha kompyuta wazi, na kwa chumvi ya upepo wetu huo ni mwaliko wa kutu.

Fundi wa Chake

Kuhusu kuoka, yaani kuipasha kadi moto kwa matumaini kwamba lehemu iliyopasuka itayeyuka na kushika tena, nitasema kwa sababu nimefanya. Niliioka kadi yangu katika tanuri la nyumbani, ikarudi kuwa nzima, nikajiona bingwa, na baada ya wiki sita ikafa moja kwa moja. Lehemu isiyo na risasi, ambayo ndiyo iliyoenea tangu Ulaya ilipopiga marufuku lehemu ya risasi mwaka 2006, huyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi za Selsiasi, na wengi huoka chini ya hapo. Kwa hivyo lehemu haiyeyuki hata kidogo. Joto huzitanua tu sehemu zilizo chini ya chipu, zikagusana kwa muda, kisha nyufa zikajirudia kwa kila kuwaka na kuzima. Halafu moshi wa plastiki na kemikali hubaki katika tanuri ambalo kesho litaoka mkate. Mama yangu hajanisamehe mpaka leo, na ana haki.

Lakini nashangaa hakuna aliyesema lililo karibu zaidi. Core i5-2400 ina sehemu yake ya picha ndani ya prosesa, iitwayo HD Graphics 2000, na kwa kazi za steshenari haiachwi mbali na hiyo 210. Tazama nyuma ya kiboksi, upande wa matundu ya USB: ukiona tundu la VGA au DisplayPort lililotoka katika bodi mama, umeshapata kadi isiyokuwa na gharama. Mara nyingi tundu hilo huzibwa kifuniko cha plastiki ili mtu asikosee kuchomeka waya.

Hili si la kila kompyuta. Wenye bodi mama ya aina ya P67 hawana njia hiyo hata kama prosesa inayo, na prosesa kama i5-2550K haina picha iliyo tayari kutumika.

Kijana wa Mlandege

Nakubali, fundi, ila usimfichie gharama yake. Picha ya ndani hukopa rami ya kompyuta, na yeye ana GB 4 tu. Akifungua kadi ya harusi yenye mapicha makubwa pamoja na kivinjari, ataiona kompyuta inakokota miguu.

Bi Mwalimu (Mkoani)

Ni kweli, lakini kuongeza rami ya DDR3, aina inayotumika katika kompyuta yake, ni matumizi ambayo yatamfaa hata bila ya tatizo hili, wakati kadi mpya inatibu jambo moja tu. Kabla ya yote, chomoa umeme, itoe kadi, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa kifutio cha penseli, yafute kwa spiriti yakauke, kisha uirudishe. Mimi hapa karibu na bahari nimeshapona mara mbili kwa dawa hiyo.

Mwenye Steshenari (Wete)

Narudi na majibu. Picha niliyoipiga ilikuwa na mistari ndani yake, na katika Biosi mistari ilikuwepo pia. Kifutio kilinipa siku moja ya raha, alasiri ya pili mambo yakawa yale yale, na nilipoifungua nikakuta feni ya kadi haizunguki kabisa.

Kifuniko cha plastiki nimekiona, cha buluu, mahali pale pale alipopasema fundi. Mara ya kwanza nilihamisha waya wa skrini bila ya kuitoa kadi, nikapata giza tupu, nusura nikate tamaa. Nilipoing'oa kadi na kuwasha tena, picha ikaja safi, na leo ni siku ya nne haijatetereka. Mitihani inakwenda vizuri. Kadi za harusi zinakokota miguu kama alivyosema kijana, kwa hivyo fedha za kadi mpya ya picha nitazielekeza kwenye rami.

Fundi wa Chake

Alhamdulillahi. Kilichokupa giza ni Biosi, kwani katika mashine nyingi za namna hiyo ikiiona kadi hulizima tundu la bodi mama. Unapoagiza rami, taja kwamba unataka DDR3 ya kompyuta ya mezani, kwa sababu ile ya laptopu ni fupi na haitaingia.

Mwenye Steshenari (Wete)

Nimeandika, fundi. Mtu wangu anavuka na boti ya kesho.