Kiingilio cha Bustani ya Agosti 7, Nairobi: kiondolewe au kibaki?

Mpitanjia (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, hili naomba tulijadili bila matusi. Pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, uliposimama ubalozi wa Marekani hadi ulipolipuliwa na magaidi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, leo kuna bustani. Ndani yake kuna ukuta wenye majina ya waliouawa. Ukitaka kuyasoma, unalipa kwanza langoni. Msimamo wangu ni kwamba kiingilio kile kiondolewe.

Waliokufa Nairobi siku ile ni watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Wengine karibu wote ni watu wa mji huu: wafanyakazi wa ubalozi, makarani, wanafunzi wa uhazili waliokuwa darasani katika jengo jirani la Ufundi lililoporomoka, abiria, wachuuzi, waliokwenda benki wakiwa na haraka zao. Na waliowaokoa ni watu wa namna hiyohiyo. Kabla mitambo haijafika, raia walikuwa wameshapanda juu ya kifusi cha Ufundi wanaondoa mawe kwa mikono mitupu. Madereva wa matatu walipakia majeruhi wakakimbia nao Hospitali ya Kenyatta, viti vimelowa damu. Chini ya kifusi kile kulikuwa na mama aliyeongea na waokoaji, nchi nzima ikawa inamwombea kwa siku kadhaa. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Sasa niambieni: mchuuzi aliyefukua kifusi kwa kucha zake, leo asimamishwe langoni aulizwe hela? Kwa mwenye mshahara ni hela ndogo. Kwa anayetembea kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa sababu hana nauli, si ndogo hata kidogo.

Karani wa Mjini

Mpitanjia, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe.

Shangazi yangu alikuwa kazini katika jengo la jirani asubuhi ile. Wengi hawajui kwa nini watu wengi kiasi kile walipoteza macho. Kwanza kulisikika mlipuko mdogo, guruneti lililorushwa kwa walinzi wa ubalozi. Watu maofisini wakainuka kwenda dirishani kuchungulia. Nyuso zikiwa bado zimeegemea vioo, bomu lenyewe likalipuka. Shangazi alibaki na jicho moja. Mpaka leo akiingia hotelini hukaa ameupa mgongo ukuta, mbali na dirisha, na mlango ukibamizwa husimama wima kabla hajajua kwamba amesimama.

Katikati ya mji wote huu, bustani ile ndiyo mahali pekee anapoweza kuketi kwa utulivu. Hakuna mhubiri mwenye kipaza sauti, hakuna anayemsukumia soksi za kununua. Nenda bustani ya Jeevanjee hapo mjini, hakuna kiingilio, uone kama unaweza kumlilia marehemu wako pale. Mimi sina ubaya na Jeevanjee, napenda mijadala yake, lakini makaburi hatuyafanyi uwanja wa mikutano. Kiingilio ndicho kinachomlipa mtunza maua na mlinzi. Kikiondoka leo, baada ya mwaka mtakuja hapahapa kulalamika kwamba ukuta wa majina umegeuzwa msala.

Mama Yusra, Eastleigh

Ndugu zangu, nyote wawili mna bahati, mna ukuta wa kubishania.

Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab, magaidi wa Somalia, waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi. Idadi ile iliyosomwa redioni kama bei za soko iliwauma vijana, wakaanza kusambaza mitandaoni jina moja moja, na picha, na kozi aliyokuwa akisoma kila mmoja. Serikali haikuwatuma. Hiyo kwangu ndiyo kumbukumbu.

Lakini kumbukumbu ya watu ina upande wa pili, na sisi wa mtaa huu tunaujua. Novemba 2012 matatu ililipuliwa hapa Eastleigh. Tuliokufa ni sisi, tulioumia ni sisi, na kesho yake makundi ya vijana yakaja kuwapiga Wasomali na kuvunja maduka yao. Aprili 2014 polisi walizoa maelfu ya watu, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani, kina mama na watoto wachanga, kosa lao sura na lugha. Nani atayaandika hayo ukutani?

Ndani ya mwaka huohuo wa Garissa, mwezi Desemba, basi lilitekwa huko Mandera. Washambuliaji wakataka Wakristo watengwe na Waislamu. Abiria Waislamu walikataa, kina mama wakawavisha wenzao Wakristo hijabu, wakasema kama ni kuua watuue sote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016. Kila mtoto wa Kenya angepaswa kulijua jina lake.

Kwa hiyo mkimaliza la kiingilio, tuje kwenye hili la nani anakumbukwa.

Mdau wa Msasani

Salamu kutoka Dar. Sisi siku hiyohiyo, dakika chache tu baada ya Nairobi, ubalozi wa Marekani wa hapa nao ulilipuliwa, Laibon Road, watu 11 wakafa. Ukimuuliza kijana wa bodaboda hapa, hajui. Ubalozi ulihama, maisha yakaendelea. Msiichukulie poa bustani yenu. Mimi ningelipa.

Mpitanjia

Asanteni. Karani, mpe pole shangazi. Utulivu wake nautaka uendelee, na hoja ya makaburi imeniingia. Lakini kinacholeta utulivu ni mlinzi na kanuni, si hela. Mwenye kipaza sauti akatazwe kwa sababu ya kipaza sauti, asizuiwe kwa sababu ya mfuko wake. Makumbusho yaliyomo ndani yaendelee kulipiwa, mwenye uwezo atalipa. Njia ya kufika ukutani iwe bure, na gharama ibebwe na Kaunti ya Nairobi.

Mama Yusra, umesema kweli tupu, na ndiyo inayonifanya ning'ang'anie lango. Fidia ya dola milioni 335 ya Sudan, iliyoshtakiwa kwa kuwasaidia walipuaji, iliyokubaliwa mwaka 2020, ilikwenda kwa Wamarekani na waliokuwa wakifanya kazi ubalozini. Mkenya aliyepita nje akienda zake sokoni hakupata kitu, hata Seneti ikalazimika kuunda kamati maalumu juu ya fidia. Huyo ameshaambiwa na kila mtu kwamba hahusiki. Asiambiwe tena getini.

Salah Farah naunga mkono. Tufungue mada yake peke yake, nitaianzisha leo jioni.

Karani wa Mjini

Kaunti? Ileile iliyoshindwa na taa za barabarani? Nitajieni kwanza ni fungu gani la bajeti litakalomlipa mlinzi huyo, kisha niko tayari kubadili kura yangu.