Mashine ya kukagua mwili uwanja wa ndege: Zanzibar tunaihitaji?

Mtoa mada, Kisiwandui

Assalaam alaykum jamani.

Nimerudi juzi kutoka India, nilimpeleka mama kutibiwa moyo. Katika uwanja mmoja wa kubadilishia ndege, jina nalihifadhi, tulipitishwa kwenye ile mashine ya vioo ya duara. Unaingia, unakanyaga nyayo zilizochorwa chini, unanyanyua mikono kama mwizi aliyekamatwa, nguzo mbili zinakuzunguka, basi. Mimi nikapita. Alipoingia mama, kwenye skrini kikatokea kikatuni cha mtu, mfano wa wale wanaochorwa milangoni mwa vyoo, na visanduku viwili vya manjano: kimoja kichwani, kimoja kifuani. Kichwani ni pini za mtandio. Kifuani ni noti alizozifunga fundo kwenye leso na kuzichomeka kunako, kama walivyofanya mama zetu wote tangu dunia kuumbwa. Akapelekwa nyuma ya pazia na mwanamke aliyevaa glavu, akavuliwa mtandio, akapapaswa, akarudi. Hakusema neno mpaka tumekaa ndani ya ndege na mikanda tumefunga. Ndipo akaniuliza: "Mwanangu, sasa ile mashine imeona nini?"

Nilipoyasimulia haya kibarazani, jirani yangu akasema hayo ndiyo maendeleo, na Jengo la Tatu la uwanja wetu wa ndege pale Kisauni nalo liwekewe. Mimi nasema tusikimbilie.

Mashine hizi zilishamiri baada ya Krismasi ya 2009. (Sisi Unguja siku zile tuko gizani, umeme ulikatika kisiwa kizima kuanzia tarehe 10 Disemba hadi Machi, habari tulizisikia kwa redio za betri.) Kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit, baruti ya PETN imeshonwa ndani ya chupi yake. Haikulipuka sawasawa, ikamuunguza mwenyewe, abiria wakamrukia. Ndege ilikuwa na watu karibu 290.

Lakini baba yake mzazi alishakwenda ubalozi wa Marekani Nigeria zaidi ya mwezi mmoja kabla, akawaambia ana khofu na mwanawe. Mzazi, kwa mdomo wake! Maneno yake yakalala kwenye faili. Na Amsterdam mashine kadhaa zilikuwepo tayari, ila kijana hakupitishwa humo. Nani basi alilala, mashine au watu?

Wamarekani wakazinunua kwa mamia, moja kwa karibu dola 170,000. Kwa shilingi 2,500 kwa dola ni milioni 425, na hapo sijatia mafunzo, vipuri wala mkataba wa matengenezo. Wakaguzi wa hesabu wa Bunge lao, GAO, waliandika Machi 2010 kwamba haijawa wazi kama mashine hizo zingeiona baruti ya yule kijana. Zile za aina ya kwanza, za eksirei hafifu, zilikuwa zikimuonesha mtu kama alivyozaliwa. Kampuni ikashindwa kutengeneza programu ya kuficha maumbile, na kufika katikati ya 2013 mashine zote 250 za aina hiyo zilikuwa zimetolewa viwanjani. Fedha za watu hizo. Halafu 2015 ikafichuka kwamba watumishi wa siri wa serikali yao wenyewe walijaribu kupita vituo vya ukaguzi na silaha na mabomu ya bandia mara 70, na mara 67 walipita.

Sisi hizo milioni 425 zitatoka wapi kama si kwenye tiketi yako na yangu?

Mwana wa Makunduchi

Waalaykum salaam. Kaka, pole na safari na Mungu amponye mama. Ila umepika pilau na mchuzi chungu kimoja.

Hizo 67 kati ya 70 ni hesabu ya kituo kizima: mashine, mkanda wa mizigo, na yule bwana aliyekaa kwenye skrini anapiga miayo. Huwezi kuitwika mashine peke yake. Na zilizotolewa 2013 ni za eksirei, ile aliyopita mama ni ya mawimbi, mfano wa yale ya redio. Ulaya nako, Novemba 2011 walipotoa kanuni, za eksirei walizikataa na za mawimbi wakazikubali. Ni vitu viwili tofauti.

Sasa nije kwenye tumbo langu. Mimi naendesha gari ya watalii. Mnakumbuka Sharm el-Sheikh, kule Misri? Tarehe 31 Oktoba 2015 ndege ya Warusi iliondoka pale, ikapasuka kwa bomu juu ya Sinai, watu 224 wakafa. Uingereza ikazuia ndege zake kwenda mji huo hadi Oktoba 2019, na ndege za Urusi hazikurudi hadi 2021. Mji wa pwani unaokula utalii kama sisi, kufumba na kufumbua hoteli tupu. Kwa hesabu hiyo milioni 425 ni bei ya karanga.

Mtoa mada, Kisiwandui

Kwenye eksirei na mawimbi umenisahihisha, nakubali. Ila kwa Sharm umenipa silaha mwenyewe. Bomu lile halikupita mwilini mwa abiria. Uchunguzi ulielekea kwenye mizigo na watumishi wa uwanja, na Warusi kabla ya kurudi walishikilia wafanyakazi nao wakaguliwe vilivyo. Ungeweka mashine kumi za vioo kwa abiria, bomu lingepita mlango wa nyuma. Kwani sisi hatuujui mlango wa nyuma? Nani asiye na binamu anayemjua mtu ndani?

Bi Mkubwa, Kwa Mchina

Wanangu, nimewasoma wote na naona mnaobishana ni wanaume. Hebu nisemee upande wangu.

Mimi nina chuma gotini. Kila nikipita geti, linalia. Kila likilia, napapaswa. Nimeshapapaswa na mwanamke mwenye adabu, aliyeniambia "samahani bibi" kabla ya kila anapogusa. Nimeshapapaswa pia uwanja mmoja, sitoutaja, na msichana ambaye huku ananishika huku anaendelea kuzungumza na mwenzake habari za harusi. Nilitoka pale najihisi gunia la karafuu linalopimwa unyevu.

Mnasema mashine inaonesha uchi. Ilikuwa. Februari 2010 baraza la mafakihi wa Kiislamu wa Amerika ya Kaskazini walitoa kauli kwamba mashine zile zinakwenda kinyume na sitara, bora mtu apapaswe na wa jinsia yake. Na Papa wa Roma mwezi huohuo akazungumzia heshima ya mwili wa binadamu. Wakati ule walikuwa na haki. Leo mtoa mada mwenyewe amesema, kilichoonekana ni kikatuni. Mimi baina ya kikatuni na mkono wa mtu nisiyemjua, nachagua kikatuni, na wallahi sioni haya kusema.

Lakini nataka kuchagua *mwenyewe*. Machi 2010 Manchester, wanawake wawili wa Kiislamu waliokuwa wanakwenda Islamabad walikataa mashine, mmoja kwa dini na mwengine kwa maradhi, wakazuiwa kusafiri. Waingereza ilibidi baadaye wabadilishe, anayekataa apekuliwe kwa mkono faraghani.

Chumba cha Giza

Shikamoo Bi Mkubwa. Nafanya kazi ya kupiga picha za eksirei, kwa hiyo niwahi kabla hayajaanza ya "inatia saratani". Hii ya mawimbi haina mionzi ya eksirei kabisa, nguvu yake ni ndogo mno kuliko simu uliyoishika sasa. Zile za zamani za eksirei dozi yake ilikuwa sawa na ya dakika chache za kuwa angani ndani ya ndege hiyohiyo unayoipanda, maana juu kule mionzi ya anga ni mingi zaidi kuliko chini.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni jengine. Mawimbi yanapenya nguo na kugonga ngozi, yanarudi. Hayaingii ndani. Sasa niambieni, kinachopita mwilini mwa watu katika visiwa hivi ni nini, PETN au kete? Vijana wanameza unga umefungwa vifurushi, tumboni. Mashine ya mtoa mada itamuonesha kijana huyo msafi kama mtoto mchanga. Wa kumuona ni eksirei ya hospitali, na wa kumshuku ni ofisa aliyesoma tiketi yake, iliyolipwa jana kwa fedha taslimu na njia haieleweki.

Fundi AC, Magomeni

Mimi na hewa tu. Wajerumani waliijaribu Hamburg, 2010 hadi 2011, wakaacha kuisambaza wakati ule kwa sababu inalia ovyo: mikunjo ya nguo, jasho. Jasho! Hamburg! Niletee mashine hiyo hapa mwezi wa Februari, watu wametoka kwenye daladala, kanzu imegandana mgongoni. Kila mmoja atakuwa na kisanduku cha manjano. Halafu chumvi ya bahari, unyevu, umeme kupanda na kushuka. Nimeona kompresa mpya ikifa miaka miwili.

Mwana wa Makunduchi

Fundi, Jengo la Tatu lina kiyoyozi. Na programu za 2011 si za leo.

Fundi AC, Magomeni

Kiyoyozi kinakausha ukumbi, ndugu yangu. Hakikaushi fulana.

Mwana wa Wete

Naomba mnisamehe, nitatoka nje kidogo.

Mnapiga hesabu ya milioni 425 kwa kitu ambacho hakijaua mtu hapa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilitoka Unguja kuja kwetu Pemba, imejaa kupita kiasi, watu, magodoro, mchele. Ikazama nje ya Nungwi. Mamia. Mwaka haujapita, Julai 2012, MV Skagit nayo karibu na Chumbe. Wale hawakuuliwa na kitu kilichofichwa chupini. Mlangoni pale alihitajika mtu mmoja, kalamu, daftari, na ujasiri wa kusema "imejaa, wewe subiri ya kesho". Mtu huyo bei yake ngapi?

Nilikuwa kidato cha pili. Darasani kwetu madawati matatu yalibaki wazi, mwalimu akakataa yasisogezwe mpaka mwisho wa mwaka.

Bi Mkubwa, Kwa Mchina

Mwanangu wa Wete, Mungu awarehemu. Hilo halina jibu.

Mwana wa Makunduchi

Amin. Wala sibishani nalo. Nasema tu kwamba bandari na uwanja ni vifuko viwili. Abiria wa ndege analipa ada ya usalama ndani ya tiketi yake, na ana haki ya kuuliza inanunua nini.

Mtoa mada, Kisiwandui

Hapo ndipo na mimi nilipo: inanunua nini.

Nimebadilika kidogo, sitoficha. Nilikuja nikiwa nasema hapana. Bi Mkubwa kanishinda kwa goti lake: mtu mwenye chuma mwilini, mashine inamuondolea udhia wa kila safari. Ikija, basi ije moja, iwe ya mwenye kuitaka, na pembeni pawe na chumba chenye mlango unaofungwa na mwanamke aliyefundishwa kusema samahani. Lakini kabla yake, fedha ziende kwa waliokaa kwenye skrini ya mizigo, wapumzishwe kila baada ya muda mfupi, macho yanachoka. Na kile kitambaa cha kufuta viganja na kukitia kwenye mashine inayonusa baruti. Hicho hakikuvui kitu, na hakijali umevaa buibui au kaptura.

Fundi AC, Magomeni

Kinalia ukipaka losheni ya glisarini. Bora mbwa.

Bi Mkubwa, Kwa Mchina

Mbwa anuse mizigo kwa mbali. Akinigusa na ile pua ya maji nina udhu, ni mara saba, na moja kwa mchanga. Mchanga wa Kisauni mtanichotea nyinyi?

Chumba cha Giza

Bi Mkubwa 🙏 Mtoa mada, mama hajambo lakini?

Mtoa mada, Kisiwandui

Hajambo, alhamdulillah, anatembea mpaka dukani. Nimemwambia safari ijayo ya kliniki zile noti azitie mkobani. Kasema mkobani huibiwa.