Vichanga kuharisha wakiwa wodini: tupeane uzoefu

Mama K: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ni njiti, na uzito ulikuwa umeanza kupanda. Ghafla choo kikawa maji matupu yanayopita nepi hadi kwenye shuka, na maziwa ya mrija akawa anayatapika yote. Mtoto wa jirani naye akaanza. Kipimo cha choo kimeonyesha virusi vya rota. Kinachoniumiza ni kwamba mwanangu hajatoka wodini tangu azaliwe. Waliopitia haya, ilikuwaje?

Nesi wa Usiku: Pole sana dada. Mtoto hahitaji kutoka wodini ndipo aambukizwe. Virusi vinamfuata kitandani, mara nyingi kwa mikono yetu sisi wahudumu na wazazi. Vinakaa siku nyingi kwenye mizani, kipimajoto, hata kitasa cha mlango. Tena vichanga wengi hubeba rota bila dalili, ndiyo maana nepi ya mtoto anayeonekana mzima ishikwe kwa tahadhari ileile. Wodini kwetu tuliwaweka wagonjwa pamoja, nesi wao hagusi wengine, kila mtoto na kipimajoto chake, vitanda vikafutwa kwa klorini. Na jamani, sanitaiza peke yake haitoshi, hasa kwa norovirusi, virusi vingine vya kuharisha na kutapika. Sabuni na maji yanayotiririka.

Baba Pacha: Sisi tuliuliza mbona hawapewi antibiotiki. Daktari akatueleza kuwa haziui virusi. Walichopewa ni dripu na uangalizi. Nesi alikuwa anapima nepi kavu kwenye mizani ndogo, kisha anapima iliyolowa. Ile tofauti ndiyo maji yaliyomtoka mtoto, anaiandika kwenye chati. Kichanga anakaukiwa haraka mno, kwa hiyo gramu chache tu zilikuwa zinabadilisha dripu. Mke wangu hakuacha kukamua, na maziwa ya mama yaliendelea kwa kadiri daktari alivyoruhusu.

Mama Subira: Mama K, angalia tumbo. La binti yangu lilivimba likawa gumu, ngozi inang'aa, choo kikawa na damu, na akawa anasahau kupumua. Niliita nesi palepale. Picha ya tumbo ikaonyesha utumbo umeanza kuharibika, hali inayowapata zaidi njiti, na virusi vimewahi kuhusishwa nayo. Maziwa yalisimamishwa, akapewa antibiotiki kwa sababu hapo mambo yalikuwa mengine. Sasa anatambaa. Ukiona lolote kati ya hayo usisubiri raundi ya asubuhi.

Mkunga Mstaafu: Virusi vya rota viligunduliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne. Baadaye waliona kuwa watoto walioambukizwa wakiwa vichanga wodini hawakuumwa sana walipovipata tena. Hilo lilisaidia kuonyesha kuwa chanjo inawezekana. Leo ni matone ya mdomoni, huanza wiki ya 6, na njiti huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Usiiache eti kwa sababu ameshaugua. Aina za rota ni nyingi.

Mama K: Asanteni mno. Tumbo bado laini, nimelishika sasa hivi. Mkunga, akifika wiki ya 6 bado tuko wodini, anachanjwa humohumo?

Mkunga Mstaafu: Waulize mapema, mwanangu. Wodi nyingine huchanja, nyingine husubiri siku ya kuruhusiwa kwa kuwa virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo hutoka kwenye choo. Ila dozi ya kwanza ina ukomo wa umri, kwa hiyo tarehe iandikwe kwenye faili lake.