Neno "work" limewahi kukuponza? Tupeane uzoefu

Binti wa Kimara (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimesimama kituo cha mwendokasi Magomeni Mapipa, basi la tatu hili linapita limejaa, nikakumbuka kisa changu nikacheka peke yangu hadi mama wa pembeni akasogeza mkoba wake.

Mwaka 2014 nilipata kazi ya mapokezi kwenye kampuni moja ndogo ya Masaki. Bosi alikuwa Mwingereza, mzee wa watu, mpole. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, kile unachokitunga kwanza kwa Kiswahili kichwani halafu unakihamisha neno kwa neno. Asubuhi akiingia namwambia "Good work!" Mimi najua nimemtakia kazi njema. Yeye koti hajavua, kalamu hajashika, tayari anasifiwa. Jioni akitoka namwambia "Sorry for the work." Siku ya kwanza alirudi ndani kukagua nimeharibu nini.

Wiki ya pili akaniita, akafunga mlango. Akauliza kama kuna kitu nimekivunja naogopa kusema, na kama zile sifa za asubuhi ni vijembe kwa kuwa anachelewa kufika. Nilitamani ardhi ipasuke. Ukitaka kumfafanulia Mwingereza "pole na kazi" utakesha. "Sorry" yao ikija na neno kazi inataka mwenye kosa. Pole yetu haimtafuti mkosaji, inatosha tu kwamba umechoka.

Haya, na wewe neno hili na ndugu zake lilikufanyia nini? Mwageni.

Fundi Keko

Mleta uzi, afadhali wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti.

Mimi seremala, banda langu liko Keko. Kuna vijana wa mradi fulani walipita kwenye mabanda wakigawa karatasi za mwaliko, zimeandikwa Kiingereza. Nilichokamata pale ni "furniture", jina la hoteli moja ya Posta, siku mbili, na "workshop". Sasa workshop kwa fundi ni nini? Ni karakana. Nikamwita kijana wangu nikamwambia tumepata tenda, hoteli imefungua karakana yake inataka mafundi. Tukabeba randa, misumeno miwili, patasi, nyundo na boksi la misumari, tukapanda bajaji.

Getini mlinzi akatutazama, akasema mafundi wanapita nyuma. Tukapita nyuma, tukatokea jikoni. Mpishi alipotuona tu akashukuru Mungu, akatuonyesha kabati ambalo mlango wake unaning'inia. Tukalikaza bawaba zote, tukapiga na randa kidogo pale ulipokuwa unakwama. Ndipo akaja dada mmoja na beji kifuani anaulizia washiriki kutoka Keko.

Ukumbini kuna kiyoyozi, maji ya chupa, kalamu na daftari. Vifaa vyangu nimevisukumia chini ya meza yenye kitambaa cheupe, kila nikinyoosha mguu msumeno unalia. Siku mbili nzima hakuna aliyepiga hata msumari mmoja. Tulitazama picha ukutani, tukagawanywa makundi, tukanywa chai mara nne. Wakasema kwa Kiswahili inaitwa warsha. Mwisho tukasaini, tukapewa nauli na posho iliyozidi faida ya kitanda cha tano kwa sita.

Yule mpishi bawaba zangu hajalipa mpaka leo.

Mzee wa Kona

Kwa hiyo ulipofanya kazi hukulipwa, ulipokaa ukalipwa. Karibu mjini, fundi.

Mama Wawili

Yangu fupi. Mwalimu wa mwanangu, shule ya msingi, alinipigia kusema mtoto hafanyi kazi za nyumbani. Nikaja juu! Kuanzia siku ile mtoto akaosha vyombo, akafagia uwanja, akachota maji. Mwisho wa mwezi mwalimu kapiga tena, hafanyi kazi za nyumbani. Nikamwambia njoo uone sufuria zinavyong'aa. Kumbe anasema homuweki. Mtoto mwenyewe alikuwa anajua siku zote, kanyamaza, kwake sufuria zilikuwa nafuu kuliko hesabu za sehemu.

Suka wa Rangi Tatu

Neno langu ni deiwaka. Limetoka huko huko kwa "day worker", ila sisi tumelichonga hadi Mwingereza mwenyewe hawezi kulitambua. Kwa wasiopanda daladala: deiwaka si dereva wa gari. Gari lina suka wake, yaani dereva mwenyewe, anayejulikana na tajiri mwenye gari. Yeye akichoka, akienda kula, au akiwa na msiba, anakuachia usukani tripu mbili tatu, mnamalizana wenyewe. Tajiri anachotaka kukiona jioni ni hesabu yake. Gari likikamatwa au likigonga ukiwa nalo wewe, hapo ndipo utajua kwamba hujawahi kuwepo.

Nilipiga deiwaka miaka minne, Mbagala na Gongo la Mboto. Mwaka wa tatu nikapeleka barua ya posa kwa kina mwali, Kinondoni. Mjomba wao ni mstaafu wa ofisi, amesoma. Akaniuliza, kijana unafanya kazi gani? Mshenga wangu, katika kunipamba, akajibu yeye: "Ni day worker, mzee." Kaitamka vizuri, ulimi umekunjwa. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Vizuri sana. Zamu za usiku zinaharibu ndoa." Kajua naingia ofisini asubuhi, natoka jioni, tofauti na wale wa zamu ya usiku.

Nikapewa mke kwa heshima ya zamu ya mchana. Mjomba alikuja kujua ukweli siku alipopanda gari pale Kariakoo, akanikuta nimejifunga taulo shingoni nabishana na trafiki. Nikamwamkia. Akaitika. Akakaa siti ya nyuma kabisa, na nauli akalipa, konda alipokataa kuipokea akalazimisha.

Siku hizi nina gari la kwangu kuliendesha, la tajiri mwingine, lakini ni suka kamili. Kuna abiria aliacha kijitabu ndani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nikasoma kwamba kazi ni saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Nikapiga mahesabu. Naamsha gari saa 11 alfajiri, nalaza saa 2 usiku. Saa zangu 45 zinaisha Jumatano usiku. Tajiri nilimsomea ukurasa ule. Alicheka hadi akakaa chini.

Mjukuu wa Bandarini

Suka, babu yangu alikuwa deiwaka kabla neno halijazaliwa. Alikuwa kuli. Wanasimama nje ya geti la bandari alfajiri, anayechaguliwa anaingia, asiyechaguliwa anarudi kulala na njaa. Kazi ya siku, mshahara wa siku. Kibarua chenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha siku alizofanya. Septemba 1947 makuli wa Dar wakagoma, mgomo ukasambaa hadi miji mingine ya Tanganyika. Babu alikuwa anasimulia kwamba siku zile za mgomo ndiyo mara ya kwanza Mzungu alimsalimia yeye kwanza.

Mrs Leba

Mimi yangu ni "labour", ile ya uchungu wa kuzaa na ile ya ofisi ya kazi. Mume wangu yupo chama cha wafanyakazi kazini kwao, maneno yake ni mikataba na migomo. Mimba yangu ya kwanza uchungu ulinishika yeye yuko Kibaha. Nesi akampigia: "Mkeo yuko leba." Akauliza, amemshtaki nani? Wangu anaitwa Neema, alizaliwa kabla baba yake hajafika Mbezi.

Mhitimu 2019

Nami nimeponzwa na herufi moja. Usaili wa kwanza maishani, watu watano mezani. Nikasema "I am looking for a work." Mama mmoja mwenye miwani akanikatiza, huwezi kusema "a work", sema "a job" au "work" peke yake, na haina wingi. Ningenyamaza ningekuwa na kazi leo. Nikamjibu: mbona kuna Ministry of Works?

Kimya. Mmoja alikohoa. Mama akaniambia asante, tutakupigia. Huu ni mwaka wa ngapi, jamani?

Ticha Mstaafu

Vijana, nimefundisha Kiingereza miaka 31, nimesahihisha hiyo "a work" hadi kalamu nyekundu ikaniota mkononi. Mhitimu, wewe na huyo mama wote mlikuwa sawa. "Work" kwa maana ya kazi haihesabiki. Ikivaa s inakuwa kitu kingine: majengo na barabara, ndiyo hiyo Wizara ya Ujenzi; au kiwanda; au kazi za msanii. "Job" ndiyo unaweza kuihesabu, moja, mbili, tatu.

Kosa si uzembe wenu. Neno letu halibadiliki: kazi hii, kazi hizi. Mtoto anayetoka darasa la saba, akiingia sekondari na kukuta kila kitu Kiingereza, hana mahali pa kuishikia tofauti hiyo.

Tena lina ukoo mkubwa. Mafundi wa mageti hapo Tandika mmeona kwenye vitabu vya picha "wrought iron"? Hiyo "wrought" ni "worked" ya zamani. "Playwright" nayo haihusiani na kuandika, ni mtengenezaji wa mchezo. Na "energy" imetoka kwenye "ergon" ya Kigiriki, kazi, ambayo wenye elimu ya lugha wanaihesabu binamu wa mbali wa hii "work".

Ila nina kinyongo kimoja. Zamani saa ilikuwa inakwenda au imesimama. Taa inawaka au imezimika. Redio inasema. Siku hizi saa haifanyi kazi, taa haifanyi kazi, redio haifanyi kazi. Mambo yote yameajiriwa, isipokuwa wajukuu wangu.

Form Two D

Shikamoo Ticha. Na mimi nilipigwa na hiyo hiyo, lakini kwenye fizikia. Mwalimu aliniita mbele, akaniambia sukuma ukuta. Nikasukuma. Zidisha! Nikazidisha, shati limelowa, darasa lina wanafunzi zaidi ya sabini na joto la Februari mnalijua. Akageukia ubao: "Work done, zero." Kazi ni kani mara umbali, kitu kisiposogea hujafanya kazi. Nikamuuliza, na hili jasho? Akasema hilo ni lako.

Jioni Jangwani maji yamejaa, daladala imenasa, tunaisukuma abiria wote, haiendi. Nikawatangazia kwamba kisayansi hakuna anayefanya kazi hapa. Nilirudi Manzese kwa miguu.

Vitumbua

Nisameheni, yangu haichekeshi sana. Fomu ya mkopo wa chuo, nikafika kwenye kazi ya mama. Nikajaza "hafanyi kazi". Nilikuwa naijaza jikoni, na yeye yupo nyuma yangu. Mama yangu anaamka saa 9 usiku kukoroga unga wa mchele aliousaga jana yake, saa 12 asubuhi yuko Feri na ndoo mbili za vitumbua, saa 5 anarudi, anaanza kuloweka mchele wa kesho. Ndiyo ada yangu yote ile, tangu chekechea.

Hajui kusoma Kiingereza, lakini fomu ilikuwa ya Kiswahili. Akasoma. Hakusema kitu, akageuza kitumbua. Nilikwenda stesheneri kuchapa fomu nyingine, shilingi mia tano, nikaandika mjasiriamali. Hilo nalo hakulipenda. Akasema, andika muuza vitumbua, kwani wanaona haya wao?

Mzee wa Kona

Mpe mama shikamoo yangu.

Mkazi wa Goba

Mie sina kisa cha Kiingereza moja kwa moja, ila hii nadhani ndiyo "working on it" iliyovaa kanzu. Bomba linavuja mbele ya nyumba yangu. Nikaripoti ofisi husika mwezi wa kwanza. Wakajibu kwa meseji: suala lako linafanyiwa kazi. Mwezi wa pili, linafanyiwa kazi. Mwezi wa nne nikaona sarufi imebadilika: limefanyiwa kazi! Nikatoka nje mbio na ndala moja. Maji yanamwagika kama jana.

Nikaenda. Kijana wa kaunta, mstaarabu, akafungua kompyuta. "Ni kweli mzee, limefanyiwa kazi. Lilikuwa kwa afisa wa kanda, sasa limehamia ghorofa ya pili."

Form Two D

Mzee, faili limesogea. Kuna kani, kuna umbali. Kwa mujibu wa mwalimu wangu hiyo ni kazi halali.

Mkazi wa Goba

Wewe nikikupata...

Fundi Keko

Mleta uzi umetuachia uzi umelala? Yule bosi iliishaje?

Binti wa Kimara (mleta uzi)

Nipo, basi la tano ndiyo limenichukua, nimesimama mguu mmoja.

Alikaa miaka mitatu. Ile pole yangu aliizoea, akaanza kuisema yeye mwenyewe kwa madereva, kwa walinzi, kwa dada wa usafi, kwa Kiingereza kile kile changu. Siku yake ya mwisho alikuja na bosi mpya aliyetoka London siku hiyo hiyo, akanishika mkono, akaniambia "Sorry for the work." Machozi yalinitoka.

Bosi mpya alinitazama, akamtazama na mwenzake, kisha taratibu akaanza kupekua mafaili ya mezani kwangu.