Haiti: mfanyabiashara anakuwaje waziri mkuu wakati hakuna Bunge?

Kibaraza77:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Alix Didier Fils-Aimé aliwahi kuongoza Chemba ya Biashara na Viwanda ya Haiti. Novemba 2024 akaapishwa kuwa waziri mkuu, mtangulizi wake Garry Conille akiwa hajafikisha hata miezi sita. Katiba yao inaruhusu? Na polisi wetu wa Kenya waliopelekwa kule walipokea amri kwake?

Tegemeo:
Kwa Katiba ya 1987, hapana. Ibara ya 137 inataka rais amteue, kisha Bunge limthibitishe. Sasa rais Jovenel Moïse aliuawa Julai 2021, na maseneta 10 wa mwisho walimaliza muda wao Januari 2023. Kilichokuwa kimebaki ni amri ya Baraza la Mpito la Rais, chombo kilichoshika nafasi ya rais, lenye wajumbe 9, saba kati yao wenye kura, ikachapwa katika gazeti la serikali, Le Moniteur. Conille alipinga kwamba ni Bunge tu linaloweza kumwondoa. Hoja yake ilikuwa na uzito, ila angeipeleka Bunge lipi? Na ubaya wa njia hiyo ni huu: anayeingia kwa amri hutolewa kwa amri, kwa hiyo nguvu nyingi ziliishia kuwaridhisha wajumbe wa Baraza.

Mwana wa Likoni:
Biashara si kizuizi. Ibara ya 157 inamtaka waziri mkuu awe na mali isiyohamishika nchini, afanye kazi inayojulikana, na awe ameishi Haiti miaka 5 mfululizo. Aliyewahi kushika fedha za umma lazima awe na hati ya kuthibitisha hesabu zake ni safi. Hiyo ndiyo huwakwamisha wanasiasa wakongwe.

Kuhusu polisi wetu: kikosi kiliidhinishwa na Baraza la Usalama Oktoba 2023, lakini hakikuwa cha Umoja wa Mataifa, na kiliendeshwa kwa michango ya hiari. Kilikuwa na kamanda wake Mkenya. Waziri mkuu nguvu yake iko kwenye Baraza Kuu la Polisi ya Taifa, ambalo yeye ndiye mwenyekiti; hapo anaelekeza polisi wa Haiti, siyo Wakenya. Na polisi hao wa Haiti walikuwa wamezidiwa kweli na magenge. Tarehe 11 Novemba 2024, siku ileile anaapishwa, ndege ya abiria ya Spirit iliyotoka Florida ilipigwa risasi ikikaribia kutua Port-au-Prince, mhudumu akajeruhiwa, ikageuza kwenda Jamhuri ya Dominika. Uwanja ukafungwa.