Watunzaji wawili, kifurushi kimoja, shule nzima inakaa gizani: huu si ujinga, Tanga?

Wakuu, salamu baadaye. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni haya kusema hivyo. Mods, nawaomba msiuhamishie jukwaa la mapenzi eti kwa sababu unahusu watu wawili walionuniana.

Kwa wasiojua, kifurushi ninachokizungumzia si cha bando. Ni programu iliyofungwa tayari kwa ajili ya Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows: unaandika amri moja, inashuka yenyewe na kila inachokihitaji. Anayeichukua kwa waandishi wake, akaifunga, akaisaini kwa ufunguo wake wa kidijitali na kuiweka kwenye hazina, yaani ghala la mtandaoni ambako mashine zinashushia vifurushi, anaitwa mtunzaji. Halipwi hata senti. Hapa Tanga tuna kikundi cha kujitolea, jina nalihifadhi, wenyewe watajijua. Tunahudumia vyumba vya kompyuta vya shule, hasa zile zenye mashine za mtumba. Vifurushi vingi tunavitoa Debian, mradi mkubwa wa watu wa kujitolea wanaotoa mfumo wa Linux, kama vilivyo, vichache tunafunga wenyewe.

Kimojawapo ni programu inayomwezesha mwalimu kuona skrini za wanafunzi wote kwenye mashine yake na kuzifunga wakianza utundu. Kina watunzaji wawili. Nawaita kwa mitaa yao: mmoja wa Chumbageni, mwingine wa Raskazone. Wote vijana wa hapa hapa, wote mafundi kweli kweli, wamesoma pamoja, na mpaka mwaka juzi walikuwa wakipanda bodaboda moja kwenda Mkwakwani kuitazama Coastal.

Ugomvi wenyewe una kichwa na miguu, siwezi kuwasingizia. Wa Raskazone anataka toleo jipya la programu. Anasema la zamani waandishi wake wameshalitupa, tundu la usalama likionekana hakuna wa kuliziba. Ni kweli. Wa Chumbageni anasema toleo jipya halijengeki kwa mashine za biti 32, yaani zile za kizamani kabla ya hizi za biti 64, na mashine hizo ndizo zilizojaa shuleni kwetu. Ni kweli pia. Debian wenyewe, toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, hawatoi tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32 kwa kompyuta hizi za kawaida, kwa hiyo wa Raskazone anaona dunia imeshahama na sisi tumebaki kulinda vyuma. Wa Chumbageni anajibu kwamba dunia haijatuletea kompyuta.

Watu wazima wangekaa kitako, wakafunga vifurushi viwili vyenye majina mawili, cha zamani na kipya, kila shule ikachukua kinachoifaa. Kazi ya nusu siku, na chai ndani yake.

Walichofanya wao ni hiki. Jumatano mchana wa Raskazone kapandisha toleo jipya. Usiku wa siku hiyo hiyo wa Chumbageni kataka kurudisha la zamani. Sasa, apt, ile amri inayoshusha na kuapdeti vifurushi, hairudi nyuma: inalinganisha namba, na namba ndogo haiigusi. Ili kuilaghai kuna kitu kinaitwa epoki, tarakimu na nukta pacha mbele ya namba ya toleo. Ukiandika 1:2.4, mashine inaiona kubwa kuliko 3.0, hata kama ndani ni kitu cha zamani. Epoki iliwekwa kwa ajili ya ajali, mathalani waandishi wakibadili mtindo wao wote wa namba. Na ukishaiweka haitoki. Utaibeba kwenye kifurushi hicho mpaka kiyama, kama kovu la ndui usoni.

Wa Chumbageni kaweka 1:. Wa Raskazone kaamka Alhamisi, kaona, kaweka 2:. Akajibiwa kwa 3:. Wakati naanza kuandika hapa iko 4:. Makovu manne kwenye kifurushi kimoja, kwa sababu watu wawili hawataki kupigiana simu. Toleo lenyewe limekuwa kama ule usemi wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Sasa njoo uone inavyouma huku chini. Shule ninayoihudumia ina mashine 14. Tisa ni biti 32. Nne za wanafunzi na ile ya mwalimu ni biti 64. Zote zinajiapdeti usiku, mimi mwenyewe ndiye niliyezipanga hivyo, nikajiona nimefanya jambo la maana. Ijumaa asubuhi mwalimu anafungua darasa la kidato cha pili, anaziona skrini nne tu. Tisa hazipo. Mashine yake imechukua toleo jipya usiku, zile tisa zimebaki na la zamani kwa kuwa jipya halikujengwa kwa ajili yao, na matoleo hayo mawili hayazungumzi. Nikatoka Ngamiani mbio na flashi mfukoni. Nimefika, nimehangaika hadi adhuhuri, nimerudisha kila kitu. Jumatatu wakanipigia tena: safari hii zimepotea zile nne, mwalimu anaziona tisa. Mwalimu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kaka, kwani hii kompyuta ina jini?" Nikakosa cha kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba kuna kijana Chumbageni na mwenziwe Raskazone?

Mnisikilize vizuri, maana najua kuna watakaokuja na ile nyimbo ya "hawalipwi, usiwalaumu". Sijamlaumu mtu kwa kutofanya kazi. Mimi pia sipokei kitu. Katiba ya Debian, iliyopitishwa mwaka 1998, imelisema hili mapema kabisa: hakuna anayelazimishwa kuufanyia mradi kazi, na hata uliyokabidhiwa, ukiwa huitaki, unaiacha. Watu wetu wanapenda kusoma mpaka hapo. Sentensi inayofuata inasema usifanye kazi ya kuyapinga maamuzi yaliyofikiwa kihalali. Yaani ruhusa ya kulala unayo. Ruhusa ya kulala mlangoni ili wenzio wasipite huna.

Na wale wa Debian wamejiwekea njia za kupita. Mtunzaji akizembea na kuna hitilafu, mwanachama mwingine anaruhusiwa kupandisha marekebisho, ila anayaweka kwenye foleni ya kusubiri siku kadhaa, na kiraka chake, yaani mabadiliko aliyoyafanya, anakianika mwenye kifurushi akione na akizuie kama ana sababu. Kifurushi kikitelekezwa, yupo anayeweza kutangaza kwamba anakiokoa: anasubiri siku 21 zisizo na pingamizi, kisha anapandisha kwa kuchelewesha siku 7 nyingine. Mwenyewe akiwa hai na anakitaka, anasema tu "ninacho", yamekwisha. Yote yakishindikana ipo Kamati ya Ufundi, isiyozidi watu 8, na ili imgeuzie mtunzaji uamuzi wake inabidi wanaokubali wawe mara tatu ya wanaokataa.

Mfano ninaoupenda ni wa jina "node". Kulikuwa na programu ya wapenzi wa redio, ya siku nyingi, ikilitumia jina hilo. Akaja Node.js, chombo cha kuendeshea programu za JavaScript, na umaarufu wake, naye analitaka. Kanuni zao zinasema programu mbili zenye kazi tofauti zisigombee jina moja la faili, mkishindwa kuelewana wote mbadilishe. Wakavutana wee. Mwaka 2012 ikaenda kwenye kamati, ikaamuliwa, yule mgeni akabaki na "nodejs", na kifurushi kidogo cha pembeni kikawekwa kwa anayelitaka jina fupi. Si kila mtu alifurahi. Lakini hakuna aliyepandisha kitu usiku kumkomoa mwenziwe.

Nikafuata mwendo huo. Nimo kwenye kikundi, ufunguo wa kupandisha nilikuwa nao. Nikavifunga vifurushi viwili, cha zamani na kipya, nikavijaribu kwenye mashine zote 14, nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nasubiri siku 10 mwenye neno aseme. Wa Chumbageni kimya. Wa Raskazone akaweka kidole gumba. Siku ya 11 nikapandisha.

Wallahi haikupita saa moja. Watu ambao hawajasalimiana tangu Ramadhani wakawa kitu kimoja! Voisi za dakika sita sita. "Nani kakupa ruhusa?" "Wewe si mtunzaji wa hiki." "Umetudharau." Kidole gumba kikageuka kuwa "nimeona", si "nimekubali". Vifurushi vyangu vikaondolewa, na mwenye seva, kwa kuogopa lawama, akaufuta ufunguo wangu "mpaka hali itulie". Ikatulia, ndiyo. Siku mbili. Kisha wakarudi kwenye 3: na 4: zao kama hakuna kilichotokea. Jambo pekee waliloafikiana mwaka huu ni kunitoa mimi.

(Nilitaka kuwapeleka kwa mzee mmoja barazani kwetu awasuluhishe. Akaniuliza hiyo kazi wanalipwa shilingi ngapi. Nilipomwambia hawalipwi, akaagiza kashata akaendelea na kahawa yake.)

Wa Chumbageni ana hoja moja ambayo sitaidharau. Aliniambia pembeni kwamba hawezi kuachia funguo ovyo, akataja xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Anasema kweli. Mtunzaji wa xz alikuwa peke yake, kachoka, watu wakamsukuma ampokee msaidizi. Msaidizi akajijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili kwa jina la Jia Tan, kisha akatia mlango wa nyuma kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Tusingejua kama Andres Freund asingeshangaa kwa nini kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali, kumechelewa kama nusu sekunde, akachimba, akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Jambo la kutisha. Lakini kaka, mimi umenijua tangu tukiwa na kaptula. Mama yangu anamuuzia mama yako samaki. Jia Tan gani huyo anayekaa Barabara ya 9? Na ukiisoma habari ile vizuri, aliyeingiwa ni mtu aliyeachwa peke yake na mzigo. Ninyi mmejiweka wawili, na kila mmoja yuko peke yake.

Ninachotaka ni hiki, na nakisema hadharani kwa kuwa kule kundini nimenyamazishwa. Hakuna kupandisha epoki bila mtu wa tatu kuridhia. Mabishano yaandikwe palipo na kifurushi, si kwenye voisi, maana voisi huwezi kuzitafuta mwezi ujao na kila mtu anakana alichosema. Anayepinga aandike sababu ya kiufundi; "umenidharau" tutaizungumza kwenye kahawa, haizuii kifurushi. Tupate watu watatu wasiokula upande, waamue wengine wakishindwa. Na ufunguo wangu urudi.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Kuna mkuu hapo chini kaniambia "si uanzishe hazina yako, ndiyo uhuru wa programu huria". Mkuu, naujua huo uhuru. Mwaka 2014 Kamati ya Ufundi ya Debian iligawanyika nne kwa nne juu ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma zote za mfumo, mwenyekiti akaamua kwa kura yake, baadhi ya watu wakajiuzulu, wengine wakaondoka na kuanzisha Devuan, Debian yao isiyo na systemd. Wale walikuwa na watu wa kugawana. Sisi tuko saba, na wawili ndio hao. Hazina ya pili ataisaini nani, ataijenga kwa umeme wa nani? Na zile shule nitaziambia zichague hazina ya kwangu Ngamiani au ya kwao baharini?

NYONGEZA, saa 5 usiku: Wa Raskazone kanipigia. Hakuzungumzia kifurushi. Kalalamika kwamba nimetaja mtaa wake na watu wanamcheka. Nikamuuliza, haya, kesho nisiende shuleni na flashi? Akasema atalitazama.

Nimeifungua hazina sasa hivi. Iko 5:. Toleo jipya. Mashine ya mwalimu itajiapdeti saa 8 usiku huu, na mimi ndiyo naichaji flashi yangu, kama flashi ingekuwa inachajiwa.